Nane Mbili, Saba Hakuna

Mgeni aliyekuja na jambo, Bi Biubwa hakumpa chai mpaka jambo lake litoke. Chai ikitangulia, alikuwa akisema, watu huishia kusifu iliki, na jambo hurudi lilikotoka bila kusemwa, likaenda kusemwa vibarazani. Kwa hiyo Jumamosi ile ya Septemba mwaka 2017, Bi Zuwena alipoketi katika sebule ya nyumba ya Bellevue, Johannesburg, na kuupakata mkoba wake, birika lilikuwa jikoni likichemka peke yake.

Bi Zuwena alikuwa Mzanzibari, mwenye duka la vitambaa. Mwanawe Muhammad alitaka kumuoa Mayasa, mjukuu wa Bi Biubwa. Vijana walijuana Braamfontein walipokuwa wakisoma chuo, wazee wakasikia, salamu zikaenda na kurudi. Kilichobaki ni posa yenyewe, na Bi Biubwa alidhani ndiyo iliyobisha hodi.

"Shoga yangu," alisema Bi Zuwena, "nimekuja peke yangu, hata mume wangu hajui niko hapa. Nina swali moja tu. Marehemu Mzee Seif alikuwa akifanya kazi gani kabla hamjaja nchi hii?"

"Alikuwa mchoraji wa ramani. Alisomea Benghazi, Libya, akafanya kazi kwenye magofu ya Wayunani wa kale. Si nilikwambia siku ya Idi?"

"Uliniambia. Na mimi nikamwambia kaka yangu. Kaka yangu akacheka mpaka akapaliwa." Bi Zuwena aliweka vizuri pindo la mtandio wake. "Yeye na marehemu walikuwa wakikaa pamoja kwa kinyozi, pale Rockey Street, baada ya sala ya Ijumaa. Anasema alimsikia kwa masikio yake, mbele ya watu: 'Mimi nilikuwa manamba wa Wagiriki.'"

Mikono ya Bi Biubwa, iliyokuwa imetulia mapajani, ilishikana.

Aliyezaliwa Tanga, kama yeye, hahitaji kuelezwa neno hilo. Mkonge wa Tanga ulikuwa na mabwana wengi, na miongoni mwao Wagiriki hawakukosekana. Walioukata waliletwa kutoka bara kwa mkataba, wakakaa kambini, wakaitwa kwa namba badala ya majina ya baba zao. Ndipo wakaitwa manamba. Mjini, mtu akitaka kumtusi mwenzake bila kumtukania mama, alimwita manamba, ikatosha. Na huko Tanga ukisema "Mgiriki," hakuna anayewaza mahekalu. Watu huona kofia pana, gari la vumbi na mistari ya mkonge inayokwenda mpaka macho yachoke.

"Tuelewane," Bi Zuwena aliendelea. "Sisi hatuukatai umaskini. Babu yangu aliangua karafuu za watu mpaka akafa. Tunachokikataa ni uongo. Nyumba inayobadilisha kazi ya babu yake itanibadilishia na mengine. Nijibu kiutu uzima, na posa italetwa Ijumaa. Usiponijibu, vijana watalia, watanyamaza."

Hasira ya kwanza ya Bi Biubwa haikumwendea mgeni. Ilimwendea Seif, kaburini kwake. Ulimi wako, Seif! Nilikwambia!

Kweli alimwambia. Alimwambia kwa miaka. Seif alikuwa na mzaha huo tangu ujana, na kila alipoulizwa kazi yake alijibu, "Manamba wa Wagiriki," kisha akasubiri, macho yakicheka, mtu aulize maana yake. Aliyeuliza alipata hadithi nzima. Ambaye hakuuliza aliondoka na neno peke yake.

"Sema Wayunani, basi," Bi Biubwa alimsihi. Yeye alikuwa mwalimu wa sekondari, binti wa mwalimu, na aliamini kwamba neno sahihi ni kama kanzu safi. "Ukisema Wayunani hakuna atakayewaza mkonge."

"Na hakuna atakayecheka," Seif alijibu.

*

Mwaka aliomfuata Seif Libya, Bi Biubwa alikuwa bibi harusi wa miezi michache, mwenye masanduku mawili na koti la kuazima. Alitarajia jangwa. Gari lilipanda mlima, likaendelea kupanda, na alipofungua macho palikuwa na ukungu, miti ya misonobari, mbuzi weusi kwenye majani mabichi. Mji mdogo wa Shahhat ulikuwa na duka la mikate, msikiti na kituo cha mafuta, na nyuma yake, ukishuka mteremko kuelekea bahari ya mbali, palikuwa na mji mwingine uliolala chini.

Bi Biubwa hakuwahi kuona kitu cha namna ile. Nguzo zilikuwa zimeanguka zikiwa zimepangana, kila nguzo vipande vipande, mithili ya mhogo uliokatwa na kusahauliwa ubaoni. Vipande vyenyewe vilimpita kimo. Kulikuwa na ngazi za kukalia watu maelfu, na juu yake walikaa kunguru. Kulikuwa na chemchemi ndani ya pango, na maji yake bado yalikuwa yakitoka, kana kwamba hakuna aliyeyaambia kwamba wenyewe wameshakwenda.

"Hawa ni nani?" aliuliza.

"Wagiriki," Seif alisema. "Walikuja kwa mashua kutafuta mvua, wakaipata hapa. Mji wao waliuita Kirene. Watu wanakwenda Athene kupiga picha, na hekalu kubwa liko hapa, Afrika, halina hata mlinzi wa tiketi."

Kazi ilikuwa kulisimamisha hekalu hilo. Wataalamu wa Kitaliano walipima, mafundi wa Kilibya waliinua, na Seif alichora kila jiwe mahali lilipolala, kisha akalitia namba kwa rangi nyekundu ili lijulikane litakwenda wapi. Serikali ilitaka kila kitu kiandikwe kwa Kiarabu, kwa hiyo na namba zilikuwa za Kiarabu, zile zile walizofundishwa chuoni utotoni kwa maalimu. Jioni alirudi nyumbani na vidole vyekundu. Mzaha ulizaliwa hapo: mawe yalikuwa ya Wagiriki, na yeye ndiye mtia namba.

Baridi ilipoanza, jiwe moja lilipotea. Lilikuwa jiwe la saba la nguzo ya kona. Bila saba, nane haiwezi kukaa, na bila nane kazi yote husimama. Walitafuta vichakani, walitafuta kwenye uzio wa mfugaji mmoja, Mtaliano mkuu akakaribia kumshitaki mfugaji wa watu. Bi Biubwa alikuja na chakula cha mchana, wali na samaki wa kukaanga aliokuwa amewatafuta kwa taabu, akasimama na bakuli lake akingoja mumewe amalize kugombana. Kwa kukosa la kufanya akaanza kusoma namba za mawe pale yalipolala.

"Seif," aliita, "mbona nane mbili, saba hakuna?"

Watu wote wakageuka. Kwa Kiarabu, saba ni mikono miwili iliyonyanyuliwa juu, na nane ni mikono hiyo hiyo imeshushwa. Jiwe lilikuwa limebiringishwa na kulala kichwa chini. Saba yao ilikuwa mbele yao siku zote, imejifanya nane.

Mtaliano alimbusu mkono, jambo lililomuudhi Seif kidogo na kumfurahisha Bi Biubwa zaidi ya alivyokubali. Mafundi wakamwita Bibi Saba. Kwa miezi yote iliyobaki, akipita na kikapu, mmoja angenyanyua mikono juu na mwingine angeishusha, na wote wakacheka, naye akajitia kununa.

Picha za mahali hapo hazikubaki. Sanduku lililokuwa nazo lilipotelea njiani walipokuwa wakihamia Johannesburg mwaka 1995. Kilichobaki kilikuwa kichwani mwake, na kichwa cha mjane hakikubaliwi kuwa shahidi wa mumewe.

*

"Nakusubiri, Bi Biubwa," alisema Bi Zuwena.

"Mume wangu hakukata mkonge hata jani moja. Alikuwa Kirene, Libya. Nilikuwa naye. Nimekaa kwenye mji huo majira ya baridi mazima."

Mlango wa jikoni ulifunguka kidogo, na Clémentine akachungulia. Alikuwa Mkongomani kutoka Bukavu, msusi wa nywele, mpangaji wa chumba cha nyuma, na alikuwa na tabia ya kusikia kila kitu akiwa hayupo.

"Mama, chai ilikwisha kuiva zamani. Niilete?"

"Bado."

Clémentine hakuondoka. "Mama, unasema Kirene? Ile ya Simoni? Ule mwenye alibeba musalaba wa Yesu?"

"Ndiyo hiyo."

"Eh! Ni muji ya kweli?" Akaingia kabisa, kitambaa cha vyombo mkononi. "Mimi nilizania iko mu Biblia tu. Na Papa Seif alifika kule? Mama, na wewe ulifika? Miaka yote tunakaa pamoja, na hauniambiake!"

"Hukuniuliza."

"Unaona, Bi Zuwena?" Clémentine alimgeukia mgeni kwa furaha ya mtu aliyemaliza kesi. "Muji iko!"

Bi Zuwena alitabasamu, ila hakuyumba. "Mji kuwepo ni jingine, mwanangu. Mzee Seif kuwepo mjini ni jingine. Hata Makka ipo, na wengi wetu hatujahiji."

Lilikuwa jibu zuri, na Bi Biubwa aliheshimu jibu zuri hata likimchoma. Mayasa alikuwa amesimama ukumbini, mgongo ukutani, uso wake umeelekea sakafuni. Msichana yule aliongea Kiingereza na marafiki, Kizulu na madereva wa teksi, na Kiswahili na bibi yake tu. Sasa alikuwa kimya kwa lugha zote tatu.

Hapo Bi Biubwa alikumbuka ukuta.

Au tuseme ukuta ulimkumbuka yeye, maana alikuwa amefanya bidii kubwa kuusahau. Miaka michache kabla ya Seif kufa, mvua ya Januari iliuangusha ukuta wa mbele, ule wa mawe magumu ya vilima vya Johannesburg ambao nyumba za zamani za Bellevue zinao. Mafundi walitaka kuyazoa mawe na kujenga kwa matofali. Seif aliwakatalia. Aliyatandaza mawe barabarani, akanunua kopo la rangi nyekundu ya mafuta, akayatia namba moja moja, kwa Kiarabu, kisha akawasimamia mafundi mpaka kila jiwe likarudi mahali pake. Hajawahi kuonekana mzee mwenye furaha kama ile. Majirani walisimama kutazama. Vijana wa mtaani waliiita nyumba ile nyumba ya namba. Wengine walidhani ni uchawi, wengine wakadhani ni namba za kucheza bahati nasibu, wakaziandika mikononi.

"Mvua ikija itazifuta," Seif alisema. Mvua ilikuja, ikazing'arisha.

"Umeuona ukuta?" alimuuliza mkewe siku ulipokwisha.

"Nimeuona," Bi Biubwa alijibu kutoka barazani, bila kushuka ngazi.

"Ushuke uuone vizuri."

"Seif, nimeuona."

Wiki iliyofuata alinunua miche ya mmea wa kutambaa, ule wa majani mazito usiokauka, akaipanda chini ya ukuta mwenyewe, macho kwenye udongo. Mpaka mwaka ulipogeuka, hakuna jiwe lililoonekana. Nyumba ikawa tena nyumba ya watu wa heshima. Seif aliyatazama majani akitikisa kichwa. "Haya, Biubwa," alisema. "Magofu yote hufunikwa. Watakuja wenye kufukua."

Bi Biubwa alidhani anamtania, kama kawaida yake.

Sasa, mbele ya Bi Zuwena, alipima mambo mawili. Akiufungua ukuta, mtaa mzima utaona kile alichokificha, na midomo itaanza upya. Akiuacha, Seif atabaki mwongo. Haikumchukua muda. Alikwenda jikoni, akampita Clémentine na birika lake, akatwaa kisu kikubwa cha kukatia nyama.

"Nifuateni," alisema.

"Wallahi," alisema Bi Zuwena akiinuka upesi, "sikuja kugombana."

"Wala mimi. Kisu ni cha majani."

*

Mmea uliokwisha kuota miaka haung'oki kwa kuombwa. Bi Biubwa alikuwa amevaa dera la hariri la kupokelea posa, na kwenye shina la tatu mkono wake wa nguo ulichanika. Mayasa alitaka kumpokea kisu, akakatazwa. Alikata chini, akashika majani kwa mikono miwili, akavuta, na pazia zima likaachia ukuta kwa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Vumbi likaruka, na buibui, na karatasi za peremende za miaka mingi. Mwanamume aliyekuwa akipita alisimama, akauliza kama bibi anahitaji msaada, akaambiwa hapana, akabaki kutazama.

Namba zilikuwapo. Rangi ilikuwa imefifia ikawa ya udongo, lakini hakuna hata moja iliyofutika.

"Hii ndiyo kazi yake," Bi Biubwa alisema, akihema. "Jiwe limeanguka, unalitia namba, ukilirudisha unajua pa kuliweka. Alijifunza Kirene. Kwa mawe ya Wagiriki. Mtia namba, ndiyo manamba wake. Ulikuwa mzaha, Bi Zuwena. Mzaha wa kipuuzi, na nilimkataza."

Bi Zuwena alisogea. Alivaa miwani yake, akainama, kidole kikifuata mstari wa chini kuanzia langoni, kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa chuoni. Midomo yake ilisoma. "Moja. Mbili. Tatu... hii nne. Tano. Sita." Akarudi nyuma jiwe moja, akaenda mbele. "Nane. Na hii nane." Akainua uso. "Bi Biubwa, mbona nane mbili, saba hakuna?"

Bi Biubwa alikaa chini. Alikaa juu ya rundo la majani kando ya barabara, mwalimu mstaafu, mjane wa mtu, dera limechanika, mtaa unamtazama.

"Bibi! Eish, Bibi, vipi?" Mayasa alipiga magoti.

"Liko kichwa chini," alisema Bi Biubwa. Sauti yake ilitoka ndogo, ya bibi harusi mwenye bakuli la wali. "Jiwe la saba. Kaliweka kichwa chini."

Kisha akawasimulia. Hapo hapo, juu ya majani, aliwasimulia ukungu na mbuzi weusi, mfugaji aliyekaribia kushitakiwa, samaki wa kukaanga, Mtaliano aliyembusu mkono. Aliwasimulia Bibi Saba, jina ambalo hakuwahi kumtajia mtu yeyote wa Johannesburg, kwa kuwa halikuwa jina la mwalimu. Alipofika kwenye mafundi walionyanyua mikono na kuishusha, mikono yake mwenyewe ilinyanyuka na kushuka, ina udongo mpaka kwenye viwiko.

Clémentine alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

Bi Zuwena aliinamisha kichwa mpaka mtandio ukaanguka begani, akalitazama jiwe kwa upande wa pili. "Subhanallah," alisema. "Saba kweli." Akajinyoosha polepole. "Pengine mafundi walikosea."

"Aliwasimamia kila jiwe. Na Seif hakuwa mtu wa kukosea mahali pamoja mara mbili."

"Basi alikusudia."

"Alikusudia niuone." Bi Biubwa alilipangusa jiwe vumbi. "Aliniambia nishuke."

Hakuna aliyeuliza kwa nini hakushuka. Bi Zuwena alikuwa mjuzi wa ndoa kiasi cha kutouliza. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akachukua muda wake.

"Manamba," alisema, akilionja neno. "Mtia namba. Basi kaka yangu alisikia sawasawa, akaelewa kombo. Na nitamwambia hivyo hivyo, mbele ya kinyozi wake." Akamnyooshea Bi Biubwa mkono kumwinua. "Posa itakuja Ijumaa, baada ya sala. Sasa naomba chai, shoga yangu, maana mwenzako nimekauka."

"Chai ipo," alisema Bi Biubwa, akikung'uta dera. "Jambo limekwisha toka."

Clémentine alikimbilia birika. Bi Zuwena alimfuata, akiuliza kwa sauti kama huyo Simoni naye alikuwa Mgiriki. Mayasa alibaki langoni, akimwondolea bibi yake majani kwenye nywele.

"Bibi," alisema, "na kama Babu angekuwa manamba kweli? Wa mkonge?"

Bi Biubwa alifungua kinywa kumjibu kama alivyozoea kujibu, akakifunga. Alimwona Seif na kopo la rangi barabarani, suruali imekunjwa, vijana wakimcheka naye akiwacheka.

"Angeipanga mistari ya mkonge ikanyooka kuliko ya Mgiriki mwenyewe," alisema. "Na mimi ningemkataza kusema. Nenda ukamwandalie mgeni vikombe. Vile vya dhahabu. Usivipange ovyo."

Alipobaki peke yake, hakuingia ndani. Yule mwanamume mpita njia alikuwa bado yupo, akasema, "Sharp, gogo," yaani safi, bibi, kwa lugha ya mtaani, akaenda zake. Nusu ya ukuta ilikuwa bado imefunikwa. Bi Biubwa alikiokota kisu, akarudi langoni kwenye jiwe la kwanza, akaanza kusoma, jiwe kwa jiwe, bila haraka, kwa kuwa hakujua Seif alimwekea nini tena huko mbele.